Picha Iliyokataa Kukauka

Zakaria alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nachora kikombe, nimebakiza mpini. Ananijua vizuri, anajua kabla ya saa mbili sishiki simu, kwa hiyo ilipoita mara ya tatu mfululizo niliweka brashi chini. "Vero," alisema, "Mwalimu ametuacha." Hakutaja jina. Sote wawili tumefundishwa na watu wengi, lakini kati yetu anayeitwa Mwalimu bila jina ni Mwalimu Bura wa Bonga peke yake. Nikauliza lini, akasema jana mchana, alijilaza baada ya chakula hakuamka. Nikauliza mazishi, akasema Alhamisi, nyumbani, saa nane. Tulipoagana nilirudi kwenye kikombe, nikaupaka mpini, nikaikwangua picha yote kwa kisu kama ninavyofanya kila siku, nikanywa chai iliyokwisha kupoa. Ndipo nikakaa chini nikalia.

Kesho yake nilipanda basi la kutoka Arusha kwenda Babati nikiwa na daftari mapajani. Ni daftari la jalada gumu, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai, na ndani yake kuna mwaka mmoja tu, mwaka niliotimiza miaka kumi na tisa, Babati ikiwa bado mji mdogo wa vumbi ambao haujawa makao makuu ya mkoa. Nilikuwa na tabia ya kuandika kila kitu: nani kasema nini, saa ngapi, mwanga ulitoka upande gani, tulikula nini. Zakaria alikuwa akinitania kwamba nimekosa kazi ya gazeti ndiyo maana napaka rangi. Lakini daftari limenisaidia. Bila hilo leo ningesimulia hadithi iliyonyooka kuliko ilivyokuwa, na mimi ningeonekana mwerevu kuliko nilivyokuwa.

Nilipanga chumba mtaa wa Bagara, nyuma ya duka la vitambaa la Mama Rukia. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama mlima Kwaraa, kitanda cha kamba, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kigae, na ukuta wa mbao uliokitenga na duka. Mbao zile zilipitisha kila neno. Nikiwa napaka rangi nilisikia biashara yote ya mtaa, na nadhani nilijifunza watu kwa masikio kabla ya kujifunza kuwachora. Mama Rukia alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu. Baba yake alikuja kutoka Pangani na mzigo wa nguo, yeye akazaliwa hapahapa Babati. Alikuwa na sauti ya chini ambayo haikupanda hata akigombana. Siku moja nilimsikia mteja akimuuliza, "Mama Rukia, hiki kitenge kitachuja?" Akajibu, "Kitachuja ukikifua. Usipokifua hakichuji." "Mama!" "Nisikudanganye, mwanangu. Kila kitu kinachuja. Hata mimi nilikuwa mweupe." Mteja akacheka, akasema basi punguza kidogo. "Nipunguze bei au nipunguze kitambaa?" Yamo yote kwenye daftari, na pembeni nimeandika kwamba mteja alinunua pande mbili.

Kila asubuhi kabla hajafungua duka aligonga mbao mara mbili. "Vero, umeamka?" "Nimeamka mama, shikamoo." "Marahaba. Chai hiyo." Chai ilikuja ndani ya kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, kimebanduka rangi sehemu moja karibu na mpini. Ilikuwa chai ya maziwa yenye tangawizi kali, na kwa mwaka mzima sikuinywa ikiwa moto hata siku moja. Kosa hilo lilikuwa la Mwalimu Bura.

Mwalimu alikuwa amefundisha shule ya msingi, akaacha, akajifunza rangi za mafuta kwa padri mmoja mgeni aliyepamba makanisa huko juu Mbulu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alifanya warsha nyumbani kwake Bonga, nje ya mji, kwenye ghala la zamani la mahindi. Aliondoa mabati mawili ya paa akaweka ya plastiki yanayopitisha mwanga, na chini ya mwanga ule tulikaa kwenye viti vya shule, kila mmoja na kibao chake cha rangi. Hadi leo nikinusa tapentaini nanusa na mahindi. Tulianza watu wanane. Kufika mwezi wa tano tulibaki wawili, mimi na Zakaria, kijana wa mjini aliyeishi kwa kuandika mabango ya saluni na gereji. Wengine hawakukimbia ugumu. Walikimbia zoezi la asubuhi. Siku ya kwanza kabisa Mwalimu alituambia kwamba warsha ni mara moja kwa mwezi, ila uchoraji ni kila siku, na kwamba kila asubuhi, kabla ya kutia kitu chochote mdomoni, tuchore kitu kimoja kilekile kwa saa moja, kisha tukikwangue. "Tukikwangue chote, Mwalimu?" aliuliza mmoja wetu. "Chote. Ulitaka ukile?"

Mimi nilichagua kikombe cha Mama Rukia kwa sababu kilikuwa mbele yangu. Nilidhani ni kitu rahisi, cheupe. Wiki ya kwanza nilipaka rangi nyeupe, nikapata kitu kama jino. Wiki ya tatu niliona kwamba upande wa dirisha ulikuwa na umanjano, na upande wa ukuta ulikuwa na kijani kilichotoka kwenye kitambaa cha meza. Mwezi wa tatu niliandika: "Leo sijatumia nyeupe kabisa, na kikombe kimekuwa cheupe." Jua lilichelewa kupita juu ya Kwaraa, na lilipofika dirishani saa yangu ilikuwa imekwisha. Nikakwangua. Mama Rukia aliyaona mabaki ya rangi kwenye gazeti akatikisa kichwa. "Mwanangu, wewe unapika halafu unamwaga chungu." Lakini hakuacha kuleta kikombe, na siku alipovunja vyombo vyake kabatini, alikuja kuniambia kwanza kwamba kile kipo salama.

Huko Bonga, Mwalimu hakuwa mtu wa hotuba. Alipaka sisi tukitazama, kisha tulipaka yeye akitazama. Hukumu yake ilikuwa kidole. Picha ikiletwa imekwisha, aliikaribia kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akaigusa kona ya chini kushoto kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia, akasema kwa adabu, "Shikamoo." Kidole kikitoka kikavu, alijiitikia mwenyewe, "Marahaba," na hapo ndipo alipoanza kuizungumzia. Kikitoka na rangi, alituonyesha kile kidole. "Huyu bado mtoto. Mrudisheni kwa mama yake." Hata picha iwe nzuri kiasi gani, mbichi hakuizungumzia. Tulicheka sana. Halafu mkewe, Mama Elia, alituita kula makande, na akiona masufuria yamebaki meupe alisema, "Mnasema wachoraji wanakula kwa macho. Mbona haya macho yenu yana meno?"

Ilikuwa baada ya makande, mwezi wa sita, ndipo Mwalimu aliposema jambo lililoubadilisha mwaka wangu. Parokia moja ya huko juu ilikuwa imemwomba picha kumi na nne za Njia ya Msalaba. Ilikuwa kazi ya miaka miwili. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumkatalia kusimama, na alihitaji mtu mmoja wa kufanya naye kazi, akae pale, ale pale, ajifunze pale. Zakaria alinyoosha mkono papo hapo. "Mimi nitoeni, Mwalimu. Nikichora msalaba utafanana na kibao cha gereji." Wote wakanitazama mimi. Mwalimu akasema, "Jumamosi ya mwisho ya Novemba uniletee picha ya mtu. Ya mtu, siyo kikombe. Iwe imekwisha na imekauka." Alifafanua kwa nini. Picha zile zingepanda mlima kwa lori, zimezungushiwa magunia, na msaidizi asiyejua kazi yake itakauka lini angewapelekea waumini magunia yenye nyuso. "Ukileta imekauka, unabaki. Usipoleta, nenda chuo, na hatutagombana." Chuo alichokitaja kilikuwa cha ualimu, jina langu lilikuwa limekwisha kupelekwa huko. Nyumbani walinipa mwaka mmoja wa rangi, na walikuwa watu wa kushika neno. Nilirudi Bagara nimekaa juu ya magunia ya vitunguu kwenye gari la mizigo, nikiwa na hakika kabisa. Nilikuwa na miezi mitano. Nani anashindwa kukausha picha kwa miezi mitano?

Nilimwomba Mama Rukia akae nimchore. Alikataa wiki mbili, akisema sura yake ni ya Mungu na ya marehemu mumewe, kisha asubuhi moja alikuja amejitanda mtandio mpya wa rangi ya kahawia. "Nimesema sitaki, lakini sikusema sitaki sana." Tukakubaliana nimchore akiwa kaunta, mkono wa kulia umelala juu ya kitambaa, wa kushoto umeshika ile mita yake ya mbao. Kitambaa cha picha yenyewe kilitoka kwenye rafu yake, amerikani nzito, nikaivuta kwenye fremu na kuipaka gundi ya seremala na chokaa kama tulivyofundishwa. Alikaa nimchore asubuhi kumi na tisa. Hakujua kunyamaza. "Pua umeifikia?" "Nimeifikia mama." "Usiifikie sana." Akiingia mteja alijibu bila kugeuza shingo, na wateja wakajua, wakawa wanachungulia na kunishauri. Mmoja aliniambia niongeze macho. Sikuandika alimaanisha nini.

Mwishoni mwa Agosti, picha ikiwa nusu, mafuta yangu ya kitani yaliisha. Rangi za tyubu ni nzito. Tulizilainisha kwa mafuta hayo, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mmea ambao kwetu haulimwi. Mwalimu aliyapata kwa taabu kutoka Arusha, akatugawia kila mmoja chupa ya dawa ya kikohozi itakayotosha miezi minne. Yangu iliisha kwa miwili. Nilikuwa napenda rangi inayoteleza, inayong'aa, na nilimwaga mafuta kama mtu anayekaanga. Kumwomba mengine kungekuwa kumwambia hivyo. Nilikuwa mwepesi wa kuandika na mzito wa kuuliza. Siku ya soko nikapita kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mwaka ule alizeti ilikubali. Mafuta yalikuwa yamepangwa njiani ndani ya chupa za bia zilizozibwa kwa magunzi, ya manjano, safi, jua likipita ndani yake. Nikasimama nikayatazama. Kitani ni mbegu, alizeti ni mbegu. Yale ya manjano, haya ya manjano. Nikanunua chupa moja. Nakumbuka hata nilijisifu: niliandika kwenye daftari kwamba siku moja nitamwonyesha Mwalimu kwamba tunaweza kuacha kutegemea Arusha.

Yalipaka vizuri kuliko kitani. Hilo lazima niliseme. Mtandio wa Mama Rukia uling'aa, mkono wake ukawa na joto, na tarehe ya mwisho ya Septemba niliandika "Imekwisha" nikapigia mstari mara mbili. Wiki ya kwanza ya Oktoba ilinata. Wiki ya pili ilinata. Niliitoa nje juani, vumbi la barabarani likatua, likabaki. Nilijaribu kulipangusa, nikapangusa na sikio. Niliiweka karibu na jiko la mkaa hadi Mama Rukia akaja mbio akidhani nachoma nyumba. Inzi mmoja alitua kwenye shavu lake lililochorwa, akashindwa kuondoka, nikamtoa kwa sindano. Mwezi mzima ulipita. Asubuhi niliamka, nikachora kikombe, nikakwangua, kisha nikaigusa picha kwa kidole kidogo kama Mwalimu, na kila asubuhi kidole kilitoka kimenata kama mtu aliyekula andazi.

Nikamwonyesha Zakaria. Aliinama akanusa. "Vero, hii picha umeiungia mafuta ya kupikia?" Nikamwambia ni ya alizeti. Akakaa kitandani akacheka hadi akalala. Alipoinuka aliona uso wangu, akaacha. Yeye, kwa mabango yake, alijua mambo ya kukausha kuliko mimi. Alisema mafuta yale yangechukua miaka, kama yangekauka. Kisha akasema, kwa nia njema, kwamba Mwalimu hugusa kona moja tu. Kona ya chini kushoto. Hilo nilikuwa nalijua kuliko yeyote, nililiandika kila warsha. Siku ile ile nikakwangua kona ile, pale palipokuwa na kitambaa tu, upana wa kiganja, nikaipaka upya kwa rangi na tapentaini bila tone la mafuta. Ikakauka kwa siku chache. Nikaigusa: kavu. Mambo mengi ya mwaka ule nayakumbuka kwa furaha, hili silo, lakini limo kwenye daftari kwa mwandiko wangu: "Kona tayari."

Jumamosi ya mwisho ya Novemba Zakaria alinisaidia kubeba picha hadi Bonga, tukaiweka chini ya yale mabati ya mwanga. Mwalimu alisimama mbele yake muda mrefu. Mama Elia aliacha sufuria akaja mlangoni, akasema, "Ni Mama Rukia kabisa. Utadhani atasema bei." Mwalimu akajifuta mkono kwenye shati, akaisogelea, na mimi nikaitazama kona ya chini kushoto. Hakuinama. Mwaka mzima tulikuwa tumemletea vikombe, vibuyu na viatu. Sikuwahi kuona anavyopokea picha ya mtu. Alinyoosha kidole chake akakiweka juu ya mkono wa Mama Rukia, ule uliolala kwenye kitambaa, kama mtu anavyomsalimia mtu. "Shikamoo," alisema.

Kidole kilizama. Alipokitoa kilikuwa cha kahawia, na mkononi mwa Mama Rukia kulibaki shimo dogo lenye mistari yote ya kidole. Akakinusa. Akanitazama, akainama sasa, akagusa kona ya kushoto, akaikuta kavu. Hapo aliinuka polepole kwa sababu ya mgongo. "Alizeti," alisema. "Na kona hii umeipaka juzi." Haikuwa swali. Nilisema ndiyo. Nikamweleza yote: chupa ya kikohozi, soko, kona, na kwa nini sikuuliza. Zakaria alitaka kusema kona ilikuwa wazo lake, nikamkatiza, kwa sababu wazo lilikuwa lake ila brashi ilikuwa yangu. Mwalimu alifuta kidole kwa kitambaa. "Kaoshe brashi," aliniambia, ingawa hatukuwa tumepaka chochote siku ile.

Nilikaa nyuma ya jiko nikiosha brashi safi. Ukuta wa jiko ulikuwa wa fito. Nilimsikia Mama Elia akisema, "Baba Elia, mtoto wa watu amemtoa Mama Rukia vile, na wewe unatazama kidole?" "Nimemwona Mama Rukia. Nimeiona na kona." "Basi?" "Basi nikimpokea hivi, picha ya kumi na nne akiniletea nitaigusa wapi? Nitaigusa kote? Kila siku?" Nikasikia mwiko ukigonga sufuria. "Mpe siku basi," alisema Mama Elia. "Siku anazo. Padri wa parokia anashuka Alhamisi ya wiki ya pili kuchukua jina la msaidizi." "Hajui kama anazo." "Anasikia," alisema Mwalimu. "Huyo husikia kila kitu. Tatizo lake ni kuuliza."

Niliacha brashi nikaingia. Kwa mara ya kwanza mwaka ule niliuliza bila daftari mkononi. Niliuliza: rangi gani inakauka upesi kuliko zote? Niliuliza: kwa nini ya chini iwe nyembamba na ya juu ndiyo iwe na mafuta? Niliuliza kwa nini alizeti inakataa. Alijibu yote, kwa utaratibu, akiwa amekaa kwenye gunia, hadi makande yakapoa. Aliniambia rangi ya udongo wa kahawia hukauka mbele ya rangi nyingine zote, akanipa tyubu yake moja iliyobaki nusu. Kuhusu alizeti alisema si mbaya, ila haina haraka. Ni ya chakula. Kisha akaongeza kwamba yeye, kwa padri wake, alijaribu samli. Mama Elia akasema, "Hilo hujawahi kuniambia." "Hukuwahi kuniuliza," alisema, na hapo tukacheka wote, mimi machozi yakinitoka.

Siku kumi na mbili za kuleta picha nyingine. Mtu wa kukaa sikuwa naye, kwa kuwa Mama Rukia alikuwa ameshika mwezi wa kuuza nguo za sikukuu. Nikauliza, safari hii kupitia kwa Zakaria aliyepeleka salamu, kama kikombe hakitafaa na mtu hayupo, basi nimpelekee nini. Mwalimu alijibu kupitia kwake kwamba nichore kilichonidanganya. Nikaiweka mezani ile chupa ya alizeti, imebaki robo, gunzi mdomoni. Nilipaka kwa udongo wa kahawia na tapentaini tu, nyembamba kiasi kwamba nyuzi za amerikani zilionekana, na mwanga ndani ya mafuta niliupata kwa kutopaka; niliacha chokaa ya kitambaa ing'ae yenyewe. Kikombe kilinifundisha hilo. Siku nne nilichora, siku saba niliiacha ukutani, na kila asubuhi sikuigusa. Nilijua itakauka lini.

Alhamisi ile padri alikuwa amekwisha kukaa ghalani anakunywa chai nilipoingia. Mwalimu aliichukua picha, akaigusa kona, kisha akagusa chupa, kisha gunzi, kisha kona zote nyingine tatu, moja baada ya nyingine, bila kuona haya mbele ya mgeni. "Shikamoo," alisema mwishoni. Akaangalia kidole. "Marahaba." Kisha akamgeukia padri akamtajia jina langu, na nikasikia namna jina langu linavyosikika likisemwa na mtu anayenihitaji.

Nilikaa Bonga miaka miwili na miezi mitatu. Picha zote kumi na nne zilipanda mlima na hakuna gunia lililoganda. Hayo ni ya sura nyingine. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba kila kilichofuata maishani mwangu, nyumba, wanafunzi, watoto niliowasomesha, kimesimama juu ya siku zile kumi na mbili, na siku zile nilipewa na mtu ambaye angeweza kunifukuza kwa haki, au kunipokea kwa huruma, akakataa yote mawili. Picha mbichi ya Mama Rukia nilitaka kuichoma. Mama Rukia mwenyewe akanikataza. "Unichome mimi? Lete hapa." Nikamwambia haijakauka, itashika vumbi. "Mbona hata mimi sijakauka," alisema, akaitundika juu kabisa dukani, karibu na dari, ambako mkono wa mtu haufiki. Na kila nilipokutana na Mwalimu Bura, miaka yote, hata kwenye simu, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa, "Mama Rukia keshakauka?" "Bado, Mwalimu." Akacheka hadi akakohoa. Pasaka iliyopita aliniuliza tena nikamjibu vilevile. Sikuwahi kuhakikisha. Mimi ninayeandika hata mwanga umetoka wapi, jibu hilo nililitoa kwa miaka thelathini bila kupanda ngazi.

Tulimzika Alhamisi. Zakaria, ambaye siku hizi ana mashine ya kuchapa mabango na kichwa cheupe, ndiye aliyeandika msalaba wake, kwa mkono, na haukufanana na kibao cha gereji. Tulikula makande. Ijumaa asubuhi, kabla ya basi, nilichukua bajaji hadi Bagara. Duka sasa linaendeshwa na binti, Rukia mwenyewe. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, macho yamefifia, mtandio begani. "Shikamoo mama." "Marahaba. Nani huyo?" "Vero." "Vero wa kikombe!" Akanishika mkono asiuachie. Nilimwambia Mwalimu amekwenda, akasema anajua, alisikia, akamwombea. Kisha nikamwomba Rukia aniteremshie picha.

Aliileta kwa ngazi, akaiweka juu ya kaunta ileile. Vumbi la miaka lilikuwa limeingia ndani ya rangi, mtandio umekuwa mzito kuliko nilivyoupaka, na juu ya ule mkono lilikuwapo shimo dogo, kila mstari mahali pake. Rukia aliuliza, "Hii nini, shangazi?" Nikamwambia ni kidole cha mwalimu wangu. Nikajifuta mkono kwenye gauni. Niliweka kidole changu kidogo ndani ya chake, nikakibonyeza, na chini yake palikuwa pagumu kama ganda la yai. Nikakitoa. Hakikuwa na kitu.

"Shikamoo," nilisema, kama inavyotakiwa, na sikuweza kuendelea, kwa sababu neno linalofuata halikuwa langu.

Mama Rukia alisubiri kidogo pale kwenye kiti chake. Alikuwa amelisikia jambo hili nikilisimulia mara nyingi, na ndiye aliyekuwa pichani.

"Marahaba," aliitikia.